Namba Mbili Si Njia Mbili: Kupanga Mtandao wa Akiba kwenye Ruta

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji mwenye ruta nyumbani, dukani, shuleni au katika zahanati, ambaye kazi yake husimama pindi intaneti inapokatika. Mifano tumeichukua katika mazingira ya Mkoa wa Singida, ingawa mtumiaji wa mkoa mwingine wowote anaweza kuifuata. Baada ya kulisoma, msomaji anatarajiwa kuweza kufanya mambo matatu: kueleza namna ruta inavyohamia njia ya akiba, kuchagua njia ya akiba ambayo haitaanguka pamoja na njia kuu, na kuipanga njia hiyo bila kujiletea gharama asizozitarajia.

1. Kinachopotea mtandao unapokatika

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ana steshenari mjini Manyoni. Ana kompyuta tatu, mashine ya kuchapisha na ruta iliyounganishwa na waya wa faiba. Wateja wake wengi ni wanafunzi waliomaliza kidato cha sita, wanaokuja kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu. Baadhi yao hutoka vijijini, wakapanda basi alfajiri wakiwa na vyeti ndani ya bahasha. Siku ya mwisho ya kupokea maombi, saa nane mchana, greda linalotengeneza barabara linakata waya. Ruta inaendelea kuwaka taa, lakini kurasa hazifunguki.

Mama huyo hana kosa lolote. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekaa mbele ya kompyuta hawezi kusubiri hadi kesho, kwa kuwa kesho dirisha la maombi litakuwa limefungwa. Hali kama hiyo humkuta pia mkamuaji wa alizeti wa Ikungi, ambaye lori limekwisha kupakia mafuta na mnunuzi anataka kulipa kwa benki kabla ya kuondoka. Humkuta na mhudumu wa zahanati anayetakiwa kuhakiki kadi ya bima ya mgonjwa. Kwa watu hawa, njia ya pili ya mtandao ni sehemu ya vitendea kazi, kama ilivyo mizani kwa muuza vitunguu.

2. Tulikotoka: modemu na orodha ya namba za akiba

Wazo la njia ya akiba si geni. Intaneti ilipoanza kuenea nchini katika miaka ya 1990, watumiaji wengi waliipata kwa kupiga simu. Kompyuta iliunganishwa na modemu, na modemu ikaunganishwa na waya wa simu ya mezani. Modemu ilipiga namba ya mtoa huduma, ikatoa mlio wa kukwaruza, ikatuma jina la mtumiaji na nywila, kisha mawasiliano yakaanza. Kasi ya juu kabisa ya modemu za aina hiyo ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, picha moja yenye ukubwa wa megabaiti 1 ilihitaji zaidi ya dakika mbili, na muda wote huo simu ya nyumbani haikuweza kupigiwa.

Namba za kupokea mara nyingi zilikuwa zinatumika na wengine. Kwa sababu hiyo, modemu na ruta za ofisini ziliwekewa orodha ya namba za akiba. Ruta ilipiga namba ya kwanza. Ikiikuta inatumika au haipokelewi, ilipiga ya pili, kisha ya tatu. Baadhi ya taasisi zenye waya maalumu wa kukodi zilitumia simu kama njia ya akiba: waya ukikatika, ruta ilisubiri sekunde chache, ikapiga namba, na kazi ikaendelea polepole hadi waya uliporejea.

Utaratibu huo ulituachia mafunzo matatu ambayo yanafaa hata leo.

Funzo la kwanza ni kwamba namba mbili si njia mbili. Ofisi ya Singida, yenye simu ya eneo la 026, iliweza kuwa na namba mbili za kupiga Dar es Salaam, eneo la 022. Namba zilikuwa tofauti, lakini simu zote mbili zilitoka kwa waya uleule na kupita katika kituo kilekile cha simu. Nguzo ikianguka nje ya ofisi, namba zote mbili zilikufa kwa pamoja. Akiba ilikuwepo kwenye orodha tu.

Funzo la pili ni kwamba njia ya akiba hulipiwa. Simu ilitozwa kwa muda. Ruta iliyohamia kwenye simu usiku wa Ijumaa na kuachwa humo hadi Jumatatu iliendelea kuhesabu dakika, na mwenye ofisi alikuja kujua habari hiyo bili ilipofika.

Funzo la tatu ni kwamba akiba isiyojaribiwa haiaminiki. Namba ya mtoa huduma ilibadilika, au nywila ilibadilishwa, na hakuna aliyekumbuka kurekebisha orodha. Siku ya shida ruta ilipiga namba isiyokuwepo tena.

3. Njia ya akiba katika siku hizi

Leo nafasi ya modemu ya simu ya mezani imechukuliwa na laini ya simu ya mkononi. Ruta nyingi zina tundu la waya wa faiba au wa mtoa huduma mwingine, ambalo huandikwa WAN, na nyingine zina pia nafasi ya kadi ya laini au tundu la kuchomeka modemu ndogo. Zipo zenye nafasi mbili za laini. Ruta ya namna hii inaweza kutumia faiba kama njia kuu na laini kama akiba. Au laini ya mtandao mmoja kama njia kuu na laini ya mtandao mwingine kama akiba.

Kabla ya kununua kifaa chochote, tunamshauri mtumiaji ajiulize swali moja: ni jambo gani moja linaloweza kuua njia zote mbili kwa wakati mmoja? Majibu ya kawaida ni haya:

- *Umeme.* Faiba na laini zote hupita katika ruta moja. Umeme ukikatika na ruta ikazimika, njia zote hufungwa.
- *Mtoa huduma mmoja.* Faiba na laini zikiwa za kampuni moja, hitilafu katika mitambo ya kampuni hiyo inaweza kuzigusa zote.
- *Mnara mmoja.* Kampuni mbili za simu zinaweza kupangisha nafasi kwenye mnara mmoja. Mnara huo ukikosa umeme, laini za kampuni zote mbili hupoteza mawimbi.
- *Njia moja ya kutoka mkoani.* Singida ipo katikati ya nchi. Mawasiliano yake hupita masafa marefu kabla ya kufika Dar es Salaam, ambako nyaya za baharini hutia nanga. Waya wa kampuni moja na waya wa kampuni nyingine vikifuata barabara moja, mvua moja inaweza kuvikata vyote.

Jambo hili halimhusu mtumiaji mdogo peke yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilidorora au kukatika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini, Tanzania ikiwemo. Nyaya hizo zilikuwa mbili, zenye majina na wamiliki tofauti, lakini ziliathirika siku moja katika ukanda mmoja wa bahari. Mawasiliano yaliyokuwa na mlango mwingine wa kutokea yaliweza kuhamishwa. Yasiyokuwa nao yalisubiri matengenezo. Funzo la namba mbili zinazopita waya mmoja lilijirudia kwa kipimo cha bahari.

Mtumiaji wa Kiomboi au Itigi hawezi kuchagua nyaya za baharini. Anachoweza kuchagua ni mtoa huduma wa pili, aina ya njia ya pili na chanzo cha umeme cha pili. Hayo matatu hupunguza sehemu kubwa ya makatiko ya kila siku.

4. Hatua za kupanga ruta

*Hatua ya kwanza: pima mawimbi.* Kabla ya kununua laini ya akiba, azima simu yenye laini ya mtandao unaoukusudia, ikae mahali ruta itakapowekwa. Fungua kurasa chache asubuhi, mchana na jioni. Mtandao unaosifika Singida mjini unaweza kuwa dhaifu Nduguti, na mtandao wenye nguvu nje ya nyumba unaweza kupotea ndani ya kuta za matofali na paa la bati. Mara nyingi kusogeza ruta karibu na dirisha hutosha.

*Hatua ya pili: nunua ruta iliyoidhinishwa.* Muulize muuzaji kama kifaa kimeidhinishwa kutumika nchini, kama kinakubali laini za mitandao yote au kimefungiwa mtandao mmoja, na kama kinaweza kuhama chenyewe kutoka njia moja kwenda nyingine. Ruta iliyofungiwa mtandao mmoja haifai kwa kazi hii. Dai risiti na waranti.

*Hatua ya tatu: sajili laini kwa jina lako.* Laini ya ruta husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa kama laini nyingine yoyote. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la fundi au la wakala, hata kama ni kwa nia njema. Siku laini itakapofungwa au kuhitaji kurudishwa, mwenye jina ndiye atakayetakiwa. Ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# na kufuata maelekezo.

*Hatua ya nne: ingia kwenye ukurasa wa ruta.* Unganisha kompyuta au simu na ruta, fungua kivinjari, na uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi huwa 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Jambo la kwanza la kufanya humo ni kubadilisha nywila ya kiwandani. Nywila hiyo inajulikana na kila mwenye ruta ya aina yako.

*Hatua ya tano: jaza taarifa za laini.* Ruta nyingi hujitambulisha zenyewe kwa mtandao. Ikishindwa, utahitaji kujaza jina la lango la mtandao, ambalo kwenye ukurasa huandikwa APN. Jina hilo hutolewa na mtoa huduma; piga 100 kupitia simu yenye laini ya mtandao husika na uulize. Herufi moja ikikosewa, laini itaonyesha mawimbi lakini kurasa hazitafunguka.

*Hatua ya sita: panga mpangilio wa kuhama.* Tafuta sehemu iliyoandikwa Failover au Backup. Weka faiba iwe ya kwanza na laini iwe ya pili. Kisha jibu maswali matatu ambayo ruta itakuuliza kwa namna moja au nyingine.

Swali la kwanza: ruta itajuaje kwamba njia kuu imekufa? Usiridhike na kipimo cha waya kuchomekwa peke yake. Katika mfano wetu wa Manyoni, waya ulikatwa mbali na mjini. Waya uliochomekwa kwenye ruta ulikuwa mzima na taa zilikuwa zinawaka. Chagua kipimo kinachotuma ujumbe mfupi kwenda anwani ya nje ya mtandao wa mtoa huduma na kusubiri jibu.

Swali la pili: isubiri muda gani kabla ya kuhama? Ukiweka majaribio matatu, kila moja baada ya sekunde 10, ruta itahama takriban nusu dakika baada ya njia kuu kukatika. Muda mfupi zaidi huifanya ihame kwa kila mtikisiko mdogo.

Swali la tatu: isubiri muda gani kabla ya kurudi? Njia kuu inapotengenezwa huweza kuwaka na kuzimika mara kadhaa. Dakika tano za utulivu kabla ya kurudi huzuia ruta kuhamahama na kukatisha kazi iliyofikia katikati. Hakikisha tu kwamba umeiruhusu kurudi yenyewe. Vinginevyo itabaki kwenye laini hadi kifurushi kiishe.

5. Kudhibiti gharama

Hatari kubwa ya njia ya akiba siku hizi ni kwamba hufanya kazi vizuri mno. Zamani mtumiaji aligundua kwamba yupo kwenye akiba kwa sababu kila kitu kilikwenda polepole. Leo ruta huhama bila mtu kutambua, na watu huendelea kutazama video kama kawaida. Saa moja ya video ya ubora wa wastani inaweza kula karibu gigabaiti 1. Kifurushi cha gigabaiti 2 kilichowekwa kwa ajili ya maombi ya wanafunzi kinaweza kumalizwa na mtu mmoja kwa saa mbili, au na simu chache zinazojisasishia programu zenyewe.

Tunashauri mambo manne. Weka kikomo cha matumizi cha laini ndani ya ruta. Washa taarifa ya ujumbe, ikiwa ruta inaruhusu, ili ujue ilipohama. Tenganisha Wi-Fi ya wateja na ya kazi, na uipange ya wateja izimike ruta inapokuwa kwenye akiba. Mwisho, zima usasishaji wa programu wa saa za kazi kwenye kompyuta.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kifurushi cha intaneti, hata hivyo, huoza: kina tarehe ya mwisho, na laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa. Chagua kifurushi chenye muda mrefu hata kama ujazo wake ni mdogo, na uandike tarehe ya kuisha kwake ukutani karibu na ruta.

6. Umeme wa ruta

Ruta ya kawaida hutumia takriban wati 10. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kwa kuwa si vyema kuimaliza betri ya aina hiyo kabisa, tuhesabu nusu yake, yaani wati-saa 42. Nayo hutosha kuiendesha ruta kwa takriban saa nne. Vipo pia vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyotengenezwa mahususi kwa ruta. Linganisha volti iliyoandikwa kwenye kifaa na ile ya ruta kabla ya kununua. Zikitofautiana, ruta inaweza kuungua. Kifaa cha mtoa huduma kinachopokea faiba nacho kina umeme wake, kwa hiyo kihesabu pamoja na ruta.

7. Zoezi la kila mwezi

Chagua siku moja ya kila mwezi, wakati ambao wateja si wengi, ufanye jaribio lifuatalo:

1. Chomoa waya wa faiba kwenye ruta na utazame saa. Je, ukurasa mpya unafunguka ndani ya dakika moja?
2. Fungua tovuti unazozitegemea kazini, siyo tovuti yoyote tu.
3. Angalia salio la kifurushi na tarehe ya kuisha kwake.
4. Zima umeme wa ukutani kwa dakika 10. Je, ruta inabaki hai?
5. Rudisha waya. Je, ruta inarudi kwenye njia kuu yenyewe?
6. Andika matokeo kwenye daftari.

Ukilifanya zoezi hili mara ya kwanza, yumkini utagundua kasoro. Kuigundua siku uliyoichagua mwenyewe ni nafuu kuliko kuigundua saa nane mchana, mwanafunzi akiwa ameketi mbele yako na bahasha mkononi.

8. Haki zako huduma inapokatika

Njia ya akiba haimwondolei mtoa huduma wajibu wa kurekebisha njia kuu. Unalipia huduma, na una haki ya kupewa taarifa na kusikilizwa. Katika daftari lako la majaribio, andika pia tarehe na saa ya kila katiko, muda lililodumu, na jina la huduma. Kisha fuata utaratibu huu.

Kwanza, wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma wako, kwa simu ya 100 au katika ofisi yake, na uombe namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba ulilalamika. Pili, usiporidhika na majibu, wasilisha malalamiko kwetu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Wakazi wa Singida wanahudumiwa na Ofisi ya Kanda ya Kati iliyopo Dodoma. Ambatisha namba ya kumbukumbu, nakala ya risiti na orodha ya tarehe ulizoandika. Malalamiko yenye tarehe sita na saa zake hutuwezesha kumuuliza mtoa huduma maswali mahususi. Malalamiko yanayosema tu kwamba mtandao unasumbua kila siku hutuchelewesha sisi na wewe.

Muhtasari

Chagua njia mbili zisizotegemea waya mmoja, kampuni moja wala umeme mmoja. Ipange ruta ipime hali ya mtandao wa nje, ihame baada ya nusu dakika na irudi baada ya utulivu. Wekea laini kikomo. Jaribu kila mwezi. Mama wa Manyoni akifanya hivyo, greda likikata waya siku ya mwisho ya maombi, mwanafunzi atabonyeza kitufe cha kutuma, atapokea uthibitisho, na atawahi basi la jioni la kumrudisha kijijini.